Mafuta ya kuwashia injini

Mafuta ya kuwashia injini ni kiasi cha mafuta kinachoingizwa katika injini tangu stata inapoanza kuizungusha hadi injini inapoanza kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe. Katika injini za petroli zenye nozeli za umeme, kiasi hicho hupangwa na kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita "kontrol boksi". Mafuta yakiwa machache, injini haishiki. Yakizidi, plagi hulowa na injini haishiki vilevile.

Upangaji wa mafuta hayo huwa mgumu zaidi pale injini inapofungwa nozeli kubwa kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani. Hutokea hivyo injini inapoongezwa nguvu, inapobadilishiwa aina ya mafuta, au fundi anapokosa nozeli za aina yake na kuchukua za injini nyingine. Makala hii inaeleza kanuni za jambo hilo pamoja na mifano kutoka Ifakara na bonde la Kilombero katika mkoa wa Morogoro.

## Kwa nini kuwasha ni tofauti na kuendesha

Injini ya petroli iliyokwisha kuwaka huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika hata bila kukanyagwa mafuta. Stata huizungusha kwa kasi ya takriban mizunguko 150 hadi 300 tu kwa dakika. Katika kasi hiyo ndogo mambo manne hubadilika kwa pamoja.

* Hewa. Pistoni zinazokwenda polepole hazipunguzi sana shinikizo ndani ya njia ya hewa. Kwa sababu hiyo kila silinda hupata hewa nyingi zaidi kwa kila mvuto kuliko wakati injini imewaka na gari limesimama.
* Mvuke. Petroli haiungui ikiwa kimiminika, bali ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya mafuta hunata kwenye kuta za njia ya hewa na nyuma ya valvu, na ni sehemu nyepesi tu ya petroli inayogeuka mvuke haraka. Ndiyo maana injini baridi huhitaji mafuta ya ziada.
* Umeme. Stata hula umeme mwingi. Betri ya volti 12 inaweza kushuka hadi volti 9 au 10 wakati wa kupiga stata, na chini ya hapo ikiwa imechoka.
* Vipimo. Sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi hufanya kazi ikiwa na joto la takriban nyuzi 300 za sentigredi. Wakati wa kuwasha bado haijapata moto, hivyo kompyuta haina njia ya kujua kama mafuta iliyotoa yalikuwa mengi au machache.

Jambo la nne ndilo kiini cha suala zima. Injini ikishapata moto, kompyuta hupima moshi na kujisahihisha mara nyingi kwa sekunde. Wakati wa kuwasha haipimi matokeo. Husoma joto la maji ya injini, huangalia jedwali lililoandikwa kiwandani, na kutoa kiasi kilichoandikwa humo. Jedwali hilo liliandikwa kwa kudhani kwamba nozeli ni za ukubwa fulani. Nozeli zikibadilishwa bila jedwali kubadilishwa, makosa hayana wa kuyasahihisha.

## Historia

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono kwa kutumia hendeli. Stata ya umeme ilianza kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kutokana na kazi ya mhandisi Mmarekani Charles Kettering.

Kwa miaka mingi mafuta yalichanganywa na hewa katika kabureta. Wakati wa kuwasha injini baridi dereva alivuta choki, yaani kibao kinachozuia hewa ili mvuto wa injini utoe petroli nyingi zaidi. Njia hiyo ingali inatumika katika pikipiki nyingi za bodaboda zenye kabureta.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa D-Jetronic, uliofungwa katika magari ya Volkswagen 1600. Mfumo huo na uliofuata wa L-Jetronic wa mwaka 1974 ilitumia nozeli moja ya ziada iliyofanya kazi wakati wa kuwasha injini baridi tu. Swichi yenye kipima joto iliizima baada ya sekunde chache ili plagi zisilowe. Baadaye kompyuta ziliboreshwa kiasi cha kuweza kuongeza muda wa nozeli za kawaida, na nozeli ile ya ziada ikaachwa.

Zimepatikana pia kompyuta ambazo mtumiaji anaweza kuzipanga mwenyewe. Mojawapo ni MegaSquirt, iliyobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo na kutolewa mwaka 2001. Kwa vifaa vya namna hiyo fundi huandika mwenyewe jedwali la kuwashia, kazi ambayo awali ilikuwa ya kiwanda peke yake.

## Ukubwa wa nozeli

Nozeli ya umeme ni valvu ndogo inayofunguka na kufungika. Kiasi cha mafuta hutegemea muda inaokaa wazi, unaopimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Ukubwa wake hutajwa kwa ujazo wa mafuta inayopitisha kwa dakika moja ikiwa wazi muda wote, kwa kawaida chini ya shinikizo la bar 3.

Mfano wa hesabu unasaidia kuona tofauti. Chukua injini ya lita 2.0 yenye silinda 4, katika mahali palipo karibu na usawa wa bahari, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30. Kila silinda ina ujazo wa cc 500. Ikijaa kwa asilimia 75 wakati wa kupiga stata, huingiza takriban gramu 0.42 za hewa. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta, hivyo zinahitajika gramu 0.029 za petroli, ambazo ni karibu cc 0.039. Muda wa kutoa kiasi hicho ni kama ufuatao:

* nozeli ya cc 250 kwa dakika: milisekunde 9.3
* nozeli ya cc 350 kwa dakika: milisekunde 6.7
* nozeli ya cc 500 kwa dakika: milisekunde 4.7
* nozeli ya cc 1,000 kwa dakika: milisekunde 2.3

Hicho ni kiasi cha msingi tu. Injini ikiwa na joto la nyuzi 20 huenda ikahitaji mara 2 ya kiasi hicho au zaidi, na katika nchi za baridi kali mara kadhaa. Injini yenye joto la nyuzi 80 au 90 huhitaji nyongeza ndogo sana.

Nozeli za cc 500 zikifungwa mahali pa nozeli za cc 250 bila mabadiliko mengine, kila silinda hupata mafuta mara 2 ya yanayotakiwa. Injini iliyokwisha kuwaka inaweza kujisahihisha kwa sehemu kupitia sensa ya oksijeni, lakini masahihisho hayo yana mpaka, mara nyingi wa asilimia 20 hadi 25 hivi. Wakati wa kuwasha hakuna masahihisho yoyote.

Baadhi ya watu hujaribu kupunguza mafuta kwa kushusha shinikizo la pampu. Njia hiyo haifai kwa tofauti kubwa, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo: ili kupunguza mtiririko hadi nusu, shinikizo lazima lishushwe hadi robo. Katika shinikizo dogo hivyo nozeli hainyunyizi vizuri, bali hutoa matone makubwa yasiyogeuka mvuke.

## Kuchelewa kwa nozeli

Nozeli haifunguki papo hapo. Kati ya kompyuta kupeleka umeme na mafuta kuanza kutoka, hupita muda mfupi wa kuchelewa. Muda huo hurefuka umeme unapopungua. Kwa mfano, nozeli inayochelewa milisekunde 0.9 kwa volti 14 inaweza kuchelewa milisekunde 1.1 kwa volti 12 na milisekunde 1.9 kwa volti 9. Kila aina ya nozeli ina vipimo vyake.

Kompyuta huongeza muda wa kuchelewa juu ya muda wa kutoa mafuta. Ikitumia kipimo cha volti 12 wakati betri imeshuka hadi volti 9, katika mfano huu hupungukiwa milisekunde 0.8. Kwa nozeli ya cc 250 inayohitaji milisekunde 9.3, huo ni upungufu wa karibu asilimia 9. Kwa nozeli ya cc 500 ni asilimia 17, na kwa nozeli ya cc 1,000 ni zaidi ya theluthi moja. Kosa ni lile lile, ila nozeli kubwa hulikuza.

Hapa ndipo lilipo kosa linalorudiwa mara nyingi. Fundi anayefunga nozeli zenye ukubwa mara 2 hugawa kwa 2 namba zote za jedwali la kuwashia. Ikiwa namba hizo zinajumuisha muda wa kuchelewa, huo nao umegawanywa, ingawa nozeli kubwa haifunguki haraka zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Tuseme jedwali la zamani lilikuwa na milisekunde 11.2, yaani 9.3 za mafuta na 1.9 za kuchelewa. Nusu yake ni 5.6. Zikitolewa 1.9 zinabaki 3.7 za kutoa mafuta, wakati zinahitajika 4.7. Injini iliyotarajiwa kuzidiwa na mafuta sasa imekosa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Njia sahihi ni kuondoa kwanza muda wa kuchelewa wa nozeli ya zamani, kuzidisha kinachobaki kwa uwiano wa ukubwa wa nozeli ya zamani na mpya, kisha kuongeza muda wa kuchelewa wa nozeli mpya.

## Hatua za ulishaji mafuta

Katika kompyuta nyingi, mafuta ya kuwashia hugawanyika katika hatua zifuatazo.

1. Mnyunyizo wa kwanza. Swichi inapofunguliwa, pampu hufanya kazi kwa sekunde chache ili kujenga shinikizo, na katika baadhi ya mifumo nozeli hutoa mafuta mara moja ili kulowesha njia ya hewa. Dereva akifungua na kufunga swichi mara nyingi bila kupiga stata, katika mifumo hiyo mafuta huendelea kurundikana.
2. Kupiga stata. Kompyuta hutumia jedwali la kuwashia kulingana na joto la maji ya injini. Hali hii huendelea hadi kasi ipite kiwango kilichowekwa, mara nyingi kati ya mizunguko 300 na 500 kwa dakika.
3. Baada ya kushika. Injini ikishika, nyongeza nyingine hutolewa na kupunguzwa polepole kwa sekunde kadhaa. Injini inayoshika kisha kuzima ndani ya sekunde 2 au 3 mara nyingi ina kasoro katika hatua hii, si katika kupiga stata.
4. Kupasha moto. Nyongeza ndogo hubaki hadi maji ya injini yafikie joto la kazi.
5. Kukausha silinda. Pedali ya mafuta ikikanyagwa hadi mwisho wakati wa kupiga stata, kompyuta nyingi hufunga nozeli kabisa. Hewa hupita na kukausha plagi zilizolowa. Hali hii hufahamika kidogo na madereva, ingawa ndiyo huduma ya kwanza kwa injini iliyozidiwa na mafuta.

Hatua ya tano ni kinyume cha desturi ya injini za kabureta. Katika kabureta nyingi, kukanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha huongeza petroli. Katika injini ya nozeli za umeme iliyosimama, kukanyaga hakuongezi mafuta.

## Hali ya bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mji wa Ifakara uko kwenye kimo cha takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la joto, lenye mashamba makubwa ya mpunga na uwanda wa mafuriko unaotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002.

### Joto

Jedwali la kuwashia la kiwandani huanza mbali chini ya nyuzi 0, kwa kuwa gari hutengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi. Katika bonde, sehemu hiyo ya chini ya jedwali haiguswi kamwe. Hata asubuhi za Juni na Julai injini iliyolala nje huwa na joto linalozidi nyuzi 10 kwa mbali. Sehemu inayotumika ni ile ya kati na ya juu, ambako mafuta yanayohitajika ni machache na nozeli kubwa inalazimika kufunguka kwa muda mfupi sana.

Kwa sababu hiyo kosa la kawaida katika mazingira ya joto ni kuzidisha mafuta, hasa wakati wa kuwasha tena injini yenye moto. Gari likizimwa baada ya safari, joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kadhaa kwa kuwa maji na feni vimesimama. Petroli iliyo katika bomba la nozeli inaweza kutoa mvuke. Nozeli iliyochakaa inaweza kudondosha mafuta katika njia ya hewa. Gari lililowaka vizuri alfajiri likagoma mchana baada ya kusimama kwa nusu saa huonyesha dalili za namna hii.

### Kimo

Gari lililopangwa Ifakara halibaki Ifakara. Reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba hupanda milima hadi Makambako, kwenye kimo kinachozidi mita 1,600, na mji wa Njombe uko karibu na mita 2,000. Katika kimo cha Njombe shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Ifakara, hivyo kila silinda hupata hewa pungufu kwa kiwango kama hicho. Wakati huohuo baridi ya Njombe hutaka nyongeza kubwa zaidi ya kuwashia. Mahitaji hayo mawili yanavutana, na fundi hawezi kuyatosheleza kwa namba moja. Kompyuta inapaswa kusoma shinikizo la hewa kabla stata haijapigwa, na jedwali lijazwe hata katika joto ambalo bondeni halionekani.

### Ubora wa mafuta

Katika vijiji vilivyo mbali na vituo, petroli huuzwa katika madumu na chupa. Petroli iliyokaa katika chombo kisichofungwa vizuri hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazowasha injini baridi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina tatizo kama hilo, kwa sababu mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha katika joto la kawaida. Uchakachuaji huo uliifanya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kuanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Fundi anayepanga jedwali kwa mafuta mabaya huishia kuongeza namba ambazo zitalowesha plagi siku gari litakapopata mafuta mazuri. Ndiyo sababu upangaji hufanywa kwa petroli safi iliyonunuliwa kituoni.

### Nozeli za mtumba

Spea zilizotumika hupatikana kwa wingi nchini, zikiwemo zinazouzwa Gerezani jijini Dar es Salaam. Nozeli mbili zinaweza kuwa na umbo na soketi zinazofanana kabisa huku zikitofautiana kwa mtiririko. Pia hutofautiana kwa ukinzani wa umeme: aina moja huwa na takriban ohm 12 hadi 16, nyingine ohm 2 hadi 3. Nozeli ya ukinzani mdogo ikifungwa katika kompyuta isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kuunguza saketi za kompyuta hiyo. Kipimo cha mita ya umeme huchukua dakika moja na kinaweza kuokoa kompyuta nzima.

## Ethanoli

Sababu mojawapo ya kufunga nozeli kubwa ni kutumia ethanoli. Mada hii inahusu bonde kwa karibu, kwa kuwa kiwanda cha sukari cha Kilombero kilicho karibu na Kidatu kina mtambo wa kugeuza molasi ya miwa kuwa ethanoli. Ethanoli hiyo hutumika katika vinywaji na viwandani, si kama mafuta ya magari.

Ethanoli huungua kikamilifu kwa uwiano wa gramu 9 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Kwa injini ya mfano uliotangulia, kila silinda ingehitaji karibu cc 0.06 badala ya cc 0.039, yaani ongezeko la takriban nusu. Nozeli ya cc 250 ingehitaji kubadilishwa kwa nozeli ya cc 380 hivi ili kubaki na muda uleule.

Ugumu wa ethanoli uko katika kuwasha. Petroli ni mchanganyiko wenye sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka karibu na nyuzi 30, lakini ethanoli huchemka kwa nyuzi 78, na kuigeuza mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 2 ya linalohitajiwa na petroli. Brazil, ambako Fiat 147 ya ethanoli ilianza kuuzwa mwaka 1979, iliweka katika magari tangi dogo la petroli kwa ajili ya kuwashia siku za baridi. Magari yanayotumia petroli na ethanoli kwa uwiano wowote yalianza kuuzwa huko mwaka 2003 na Volkswagen Gol. Katika joto la Ifakara tatizo hilo lingekuwa dogo, lakini kwenye milima inayolizunguka bonde lingerudi.

## Injini za dizeli

Mashine nyingi za bonde hutumia dizeli: matrekta, pawatila, mashine za kukoboa mpunga, malori, na magari ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Injini za dizeli hazina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kiasi chake hakilazimiki kulingana na hewa kwa uwiano mmoja.

Pampu nyingi za dizeli hutoa mafuta ya ziada zenyewe wakati wa kuwasha. Injini za 1HZ, ambazo zina chumba cha awali cha mwako, husaidiwa pia na plagi za joto. Pawatila ya silinda moja huwashwa kwa hendeli: mwendeshaji hushikilia wenzo wa kuachia mbano, huzungusha hadi kasi itoshe, kisha huuachia wenzo ili hewa ibanwe.

Nozeli ya dizeli yenye matundu makubwa zaidi huleta tatizo la aina nyingine. Kwa kasi ya stata pampu haijengi shinikizo kubwa, na mafuta yanayopita katika tundu kubwa hutoka kwa matone mazito. Matone hayo huchelewa kuwaka, na injini hutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Nozeli iliyochakaa hadi kufunguka kwa shinikizo dogo kuliko lililowekwa hutoa dalili zilezile.

## Utaratibu wa upangaji

Kompyuta ya kiwandani isiyoweza kuandikwa upya haipaswi kufungiwa nozeli kubwa. Penye kompyuta inayopangika, mafundi hufuata mpangilio ufuatao.

1. Kuhakikisha betri, stata, plagi, pampu na mbano wa silinda viko sawa. Jedwali haliponyi betri iliyochoka.
2. Kupima nozeli zote kwa mashine ya kupimia ili kujua mtiririko wa kila moja na kama inadondosha. Kazi hii hufanywa mbali na moto na cheche.
3. Kuandika katika kompyuta mtiririko mpya na muda wa kuchelewa kwa kila kiwango cha volti.
4. Kupanga kwanza injini iliyopata moto, ambako sensa ya oksijeni inaweza kuthibitisha namba.
5. Kukokotoa jedwali la kuwashia kutoka lile la zamani, na kuanza na mafuta machache kuliko yanayodhaniwa. Kuongeza kidogo kidogo ni rahisi. Kukausha plagi zilizolowa huchukua muda.
6. Kujaribu mara moja tu injini ikiwa ya baridi kabisa, kisha kusubiri. Injini iliyojaribiwa asubuhi haitakuwa na hali ileile hadi asubuhi inayofuata, kwa hiyo kazi hii huchukua siku kadhaa.
7. Kujaribu injini yenye moto baada ya kuzimwa kwa dakika 5, 15, 30 na 60.
8. Kubadilisha namba moja kwa wakati mmoja na kuiandika.

Dalili husaidia kuchagua mwelekeo. Harufu ya petroli, moshi mweusi na plagi zilizolowa huonyesha mafuta mengi. Plagi kavu na mlipuko katika njia ya hewa huonyesha mafuta machache. Injini inayoshika mara tu dereva anapoacha kupiga stata, au anapokanyaga pedali hadi mwisho, kwa kawaida ilikuwa imezidiwa na mafuta.

## Madhara ya upangaji mbaya

Mafuta yaliyozidi huosha ukungu wa oili kwenye kuta za silinda, hivyo ringi za pistoni husugua chuma kikavu. Petroli hiyo hushuka katika oili na kuifanya nyepesi. Oili iliyopanda juu ya alama ya kijiti na kunuka petroli ni ishara ya hali hiyo. Petroli isiyoungua ikiungulia katika bomba la moshi huharibu kichujio cha moshi.

Stata nayo huumia. Ilitengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache, na kuipiga mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 bila kuipumzisha huiunguza.

Katika bonde la Kilombero madhara hayo huwa na uzito wa pekee. Wagonjwa kutoka Malinyi, Mlimba na Mahenge hupelekwa Ifakara, katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, na wakati wa masika barabara za udongo hazitoi nafasi ya kusukuma gari lililogoma. Aidha, gari lenye gia za otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Kwa gari linalotegemewa hivyo, nozeli zenye vipimo vya kiwandani ni salama kuliko nozeli kubwa ambazo hakuna aliyezipangia jedwali.

## Tazama pia

* Injini ya mwako wa ndani
* Kabureta
* Injini ya dizeli
* Ethanoli
* Bonde la Kilombero